Gunia la Nyapara Kathuri na Jua la Pete

Kathuri alikuwa nyapara wa meza za kuanikia kahawa katika kiwanda kimoja nje kidogo ya Karurumo, na mtu aliyemwita Kathuri tupu, bila kuanza na Nyapara, aligeuziwa mgongo hata kama alikuwa amebeba habari ya msiba. Cheo kilikuwa kimemkaa vizuri. Alitembea katikati ya meza mikono ikiwa nyuma, akatia kidole katika kahawa, akaumauma punje moja, kisha akatazama juu na kukunja uso, kwa sababu bosi wake wa kweli alikuwa jua na hakuwa na kawaida ya kumbembeleza.

Mahali alipopapenda zaidi ni kwenye banda. Kahawa ikitoka tu kwenye maji ya kuoshea haipelekwi juani moja kwa moja, maana ganda lake jeupe litapasuka na bei ya watu wote ipasuke nalo. Huwekwa bandani kwanza ijikaushe kwa upole. Upande wa mashariki wa banda hilo, Kathuri alikuwa ametundika pazia la magunia ya katani aliyoyashona mwenyewe. Magunia yenyewe yalikuwa makuukuu kweli, yametobolewa na misumari na kutafunwa na panya, na kila asubuhi jua lilipenya matunduni na kutapakaza madoa ya mwanga kwenye ukuta wa stoo uliopakwa chokaa. Karani wa mizani, Njuki, alikuwa amelicheka pazia lile hata akachoka. Kathuri hakubanduka. Lake lilikuwa moja tu, kwamba hewa ilipita.

Sasa, ukitaka kumwona Nyapara Kathuri akilainika, ungemtajia binti yake. Peninah Njoki alikuwa mwalimu wa sayansi wa darasa la nane katika shule ya pale juu ya barabara. Alikuwa amerithi jina la mama mzazi wa Kathuri, kama desturi ya huko inavyotaka, na kwa hiyo baba yake hakumwita Peninah wala Njoki. Alimwita Mama. Ilichekesha kumsikia mzee mkali vile akimwambia msichana, "Mama, umekula?"

Siku moja mwanzoni mwa Januari, mwaka wa 2010, Peninah alipitia kiwandani akitoka shule. Baba yake akamuuliza anafundisha nini wiki hiyo.

"Nyota, Baba."

"Nyota ni za kufundishwa?"

Peninah akacheka, akaingiza mkono katika meza iliyojaa kahawa nyeupe, akaipitisha vidoleni. "Chukulia meza hii ni galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota linalokaa pamoja. Kila punje ni nyota. Zile tunaona usiku kwa macho ni chache tu, majirani wa punje yetu."

"Na jua liko wapi?"

"Hii hapa." Akainua punje moja. "Jua ni nyota, Baba. Tena si ile kubwa kuliko zote."

Kathuri akaitazama punje ile. Kusema kweli iliuma kidogo. Mtu umetumikia bosi maisha yako yote, halafu unaambiwa yeye ni karani tu kama makarani wengine. Akauliza, mbona basi jua ni kubwa na la moto, na nyota ni vidoa? Peninah akamwonyesha upande wa chini, kwenye tambarare za Mbeere zilizopotelea katika ukungu wa vumbi. Akamkumbusha taa za bwawa la Kiambere. Ukisimama chini yake zinakuumiza macho, lakini ukiwa huku milimani ni vidoti tu. Jua ni taa iliyo karibu nasi. Nyota ni taa za Kiambere.

"Na hizi meza zingine zote?" Kathuri aliuliza, akitazama safu zake zikishuka mteremko hadi karibu na mto.

"Galaksi zingine. Na hata ukikusanya meza zote za Embu na Meru, hazitoshi."

Mzee akahisi kifua kikimjaa. Si kwa sababu ya zile galaksi, hapana. Ni kwamba huyu aliyekuwa akilala mgongoni mwa mama yake kando ya meza hizi hizi, leo alikuwa amezishika zote mkononi na kuzifanya mbingu.

Hapo ndipo Peninah alipomwambia na lile la Ijumaa ya wiki iliyofuata. Asubuhi mwezi ungepita mbele ya jua. Akachukua punje, akaileta karibu na jicho la baba yake mpaka ikafunika tangi zima la maji la kiwanda. Kisha akaanza kuisogeza mbali. "Ukiiweka karibu inafunika tangi lote. Ukiisogeza, kingo za tangi zinaanza kuonekana. Ijumaa mwezi utakuwa mbali kidogo, kwa hiyo..."

Lakini Kathuri alikuwa ameshasikia alichotaka. Mwezi utafunika jua! Alikuwa tayari anatafuta kwa macho mtu wa kumwambia.

Kufikia Jumapili, Karurumo nzima ilijua kwamba Ijumaa usiku ungeingia asubuhi. Kuku wangerudi kulala. Watu wangehitaji tochi kuonana. Kila mara Kathuri aliposimulia giza lilizidi kuwa nene, na kila mara alimalizia vilevile: "Na si mimi nimesema. Ni Mama, mwalimu Peninah." Redio nayo ilikuwa imetaja jambo hilo, lakini Kathuri aliizungumzia redio kana kwamba ilikuwa imempigia binti yake simu kuuliza.

Njuki alisikia. Mbali na mizani, Njuki alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na tangu mwanawe arudi nyumbani akisema jua ni nyota, hakuwa na raha. Akamwambia Kathuri mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni ya kupima kahawa: "Nyapara, Ijumaa nitakuja na kamati yote. Usiku ukiingia, mimi wa kwanza kumpigia mwalimu makofi. Usipoingia, darasa la nane litatafutiwa mwalimu mwingine wa sayansi. Hatuwezi kufundisha watoto uongo."

"Njoo na tochi," Kathuri alimjibu, na foleni nzima ikacheka.

Ijumaa hiyo Nyapara aliamka akiwa kama bwana harusi. Alivaa koti. Alifagilisha uwanja wa kiwanda, akanyunyizisha maji vumbi lisipae, na kwa kuwa wageni wa heshima walikuwa wanakuja, akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitarajia: alilishusha lile pazia lake la matambara, akalikunja na kulificha nyuma ya mashine ya kumenyea. Ukuta wa stoo ukabaki mtupu na mweupe. Hata yeye alikiri kwamba palipendeza.

Watu walikuja kweli. Peninah alikuja na darasa lake lote la nane, kwa sababu hakukuwa na uwanja mwingine uliotazama mashariki bila miti. Kamati ilikuja. Mama Wambura, muuza ndizi, alikuja na taa ya chemni tayari imewashwa, na akaishikilia hivyo hivyo kwenye jua kali.

Kitu cha kwanza Peninah alichosema ni kwamba mtu yeyote asilitazame jua kwa macho, hata kidogo, litamchoma jicho bila yeye kusikia maumivu. Alikuwa na karatasi ngumu aliyoitoboa kwa sindano, na mwanga uliopita pale ulidondokea karatasi nyingine nyeupe. Lakini doa lenyewe lilikuwa dogo, na waliolizunguka walikuwa wanafunzi watatu au wanne kwa zamu. Wengine walisimama wakisubiri giza.

Mwanga ulianza kuchujuka. Baridi kidogo ikaingia, na vivuli vikawa vikali kwa namna isiyo ya kawaida. Lakini ilikuwa kama wingu jepesi limepita, basi. Kuku walikuwa wakiparura kando ya meza bila wasiwasi wa kulala. Mama Wambura akaitazama taa yake, akaipuliza.

Njuki akajikohoza. "Nyapara, hiyo giza iko wapi?"

Watu wakacheka, safari hii si upande wa Kathuri.

"Mwalimu," Njuki akamgeukia Peninah, "wewe ndio ulisema usiku utaingia?"

Kathuri alimtazama binti yake. Neno lilikuwa pale mdomoni mwake, kila mtu angeliona: Mimi sikusema usiku, ni Baba. Neno moja tu na angekuwa amejiokoa. Peninah akafunga mdomo. Akainama, akaielekeza upya karatasi yake kwa jua kana kwamba hakusikia. Wanafunzi wake wakamtazama, kisha wakatazama chini.

Ndipo Kathuri alipoelewa, na uelewa huo ulimchoma kuliko kicheko. Msichana alikuwa tayari kupoteza darasa lake kuliko kumkosoa baba yake mbele ya watu. Adabu hiyo alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe, na alikuwa ameifundisha vizuri mno.

Nyapara Kathuri hakuwa na mazoea ya kufuta maneno yake. Alipanda juu ya mizani ya Njuki, mahali pa kuwekea magunia, ili kila mtu amwone.

"Usiku nilisema mimi," alisema. "Yeye hakusema usiku. Alikuwa ananieleza, nikakimbia kabla hajamaliza, nikaja kuwaambia nyinyi yangu. Kama kuna mwongo hapa, mmempata. Yeye muulizeni alisema nini."

Peninah aliinua kichwa akamtazama baba yake juu ya mizani, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nilisema pete," akasema, na sauti yake ikapata nguvu. "Mwezi uko mbali kidogo, hauwezi kufunika jua lote. Itabaki pete ya moto. Ni dakika chache tu kutoka sasa."

"Na tutaiona namna gani," Njuki akauliza, "ikiwa kuangalia umekataza, na hiyo karatasi yako ni ya mtu mmoja mmoja? Kamati haiwezi kuamini kitu haijaona."

Swali lilikuwa la haki, hata Kathuri aliliona hivyo. Peninah akazungusha macho uwanjani, yakasimama kwenye ukuta wa stoo. Akakunja uso.

"Baba, gunia liko wapi?"

"Gunia gani?"

"Pazia lako."

Kathuri hakuuliza tena. Aliruka chini kama kijana, koti likipepea, akatoka nyuma ya mashine amelikumbatia lile tambara na mavumbi yake yote. Wavulana wakashika ncha, yeye akapanda meza na kulitundika kwenye misumari yake ya zamani.

Ukuta ukajaa pete.

Zilikuwa nyingi kupita kiasi, nyembamba, zinazong'aa, kila moja na kiini chake cheusi, zikitetemeka pamoja upepo ulipoligusa gunia. Mahali pa tundu la msumari palikuwa na pete. Mahali pa tundu la panya, lililoraruka pembe tatu, palikuwa na pete. Pete moja ilikuwa imetua kifuani mwa Njuki, juu ya shati lake jeupe la kamati, naye akaipangusa kwa kiganja, ikahamia juu ya kiganja.

"Hiyo si sura ya tundu," Peninah alisema. "Kila tundu dogo linaleta picha ya jua lenyewe. Hata yale madoa ya kila asubuhi yalikuwa picha za jua, ndiyo maana huwa ya mviringo. Leo mnaona jua na mwezi pamoja ukutani. Nyota moja, iliyo karibu nasi, na mwezi wetu mbele yake."

Njuki aliendelea kuitazama pete juu ya mkono wake mpaka ikaanza kukatika upande mmoja na kuwa kama mundu. Kisha akapiga makofi, peke yake kwanza, halafu uwanja mzima ukamfuata. Alikuwa ameahidi, na haki yake apewe.

Kathuri alikuwa bado amesimama juu ya meza, chokaa begani na vumbi la katani kichwani. Hakuwa ameona fahari ya namna ile maishani mwake, na ajabu ni kwamba haikuwa na jina lake ndani.

Watu walipoanza kutawanyika, mmoja wa wanakamati akaja chini ya meza akamnyooshea mkono. "Hongera, Nyapara."

Kathuri akamgeuzia mgongo. Yule mtu akabaki na mkono hewani, hajui amekosea wapi.

"Niite Baba Mwalimu," akasema Kathuri, akiwa bado anautazama ukuta.