Silensa ya Bi Rahila

Waliokuwepo katika uwanja wa fundi Mmanga, kijijini Kivumoni, asubuhi ya Jumatatu ya kwanza ya Mfungo Sita, walikuwa watano: fundi Mmanga mwenyewe, Nyange, dereva wa lori la maji, Mwalimu Suhail, katibu wa kamati ya maji, Bi Rahila, mke wa Mwalimu, na muuguzi Afra wa zahanati, ambaye alikuwa akipita tu akasimama. Kuku walikuwepo pia, lakini hawakuhesabiwa.

Lori lilikuwa limekaa juu ya matofali kwa miezi kumi na mmoja. Lilitolewa na mradi, pamoja na tangi la lita elfu mbili, na siku ya kukabidhiwa palikuwa na maturubai, hotuba na madumu ya sharubati. Injini yake ilikuwa ya kisasa. Petroli ilirushwa ndani kwa nozeli, na nozeli zilipokea amri kutoka kwenye kisanduku cheusi chenye ukubwa wa daftari la mwanafunzi. Kisanduku kiliingia maji ya chumvi, kikafa. Mwalimu Suhail aliandika barua saba kuomba kingine. Kila moja aliipa namba na kuweka nakala yake. Barua ya saba ilijibiwa kwamba ombi limepokelewa.

Katika miezi hiyo watu wa Kivumoni walikunywa maji ya kisima cha pwani, ambayo chai yake haikukubali sukari hata ukiibembeleza.

Fundi Mmanga hakuwa mtu wa barua. Alikuwa na kabureta la lori la zamani la kubebea karafuu, ambalo kuku wake walikuwa wakiliatamia kwa miaka isiyojulikana idadi. Aliliroweka siku mbili ndani ya petroli. Alizibua matundu yake kwa uzi mmoja wa waya wa breki, akaliziba kwa risasi ya kulehemia boya lake la shaba lililotoboka, na akaiondoa ile pampu ya kisasa ya petroli, ambayo nguvu yake ingelifurisha. Badala yake alifunga dumu juu ya paa la lori ili petroli ishuke yenyewe. Moto wa plagi aliutafutia njia ya kizamani. Kilichobaki kilikuwa gasketi, karatasi ngumu ya kuziba mwanya wa kabureta, na gasketi hiyo Mwalimu Suhail alimkatia kutoka kwenye jalada la daftari la mahudhurio la mwaka ambao wanafunzi wake wote walikuwa wameshakuwa na wajukuu.

Asubuhi hiyo Bi Rahila alikuwa ametoka zahanati. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na alikwenda kuulizia dawa yake ya kuvuta. Afra alimjibu kama alivyomjibu wiki iliyopita: "Kesho, Bi Rahila, inshallah." Kwenye rafu ya dawa palikuwa na kadi iliyoandikwa jina la dawa kwa hati nzuri, na nyuma ya kadi hapakuwa na kitu. Bi Rahila aliona hawezi kufika nyumbani bila ya kupumzika, akaingia uwanjani kwa fundi na kuketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kifua chake kilipiga mluzi kama birika.

Injini iliwaka, lakini haikutulia. Ilipanda, ikashuka, ikazimika.

"Silensa ndiyo inayonikataa," alisema Mmanga.

Silensa, kwa mafundi, ni mwendo wa injini iliyosimama, wakati hapana mguu unaoikanyaga. Kisanduku huiweka chenyewe. Kabureta halina akili hiyo. Huwekwa kwa sikio, kwa skrubu moja ya hewa inayozungushwa robo kwa robo. Mmanga akaomba kimya. Nyange akanyamaza, Mwalimu akanyamaza, na katika kimya hicho sauti pekee iliyobaki ilikuwa ya kifua cha Bi Rahila, kikivuta na kutoa. Fundi akainamisha sikio, akazungusha robo. Akangoja. Akarudisha kidogo.

Injini ikakaa. Mluzi ukakatika.

"Limekaa," alisema Mmanga.

"Na mie nimekaa," alisema Bi Rahila. Alivuta pumzi ikafika kitovuni, mahali ambapo pumzi yake haikuwahi kufika. "Hebu zima, Nyange."

Nyange alizima. Mluzi ukarudi. Aliwasha, ukaondoka. Afra alitoa kipimo chake cha kusikilizia kifua, akakiweka mgongoni kwa Bi Rahila, kisha akakiweka juu ya boneti, kisha tena mgongoni.

"Ni mwendo mmoja," alisema.

"Fundi, unaweza kuitenganisha injini na kifua?" aliuliza Mwalimu Suhail, ambaye alipenda kila kitu kikae mahali pake.

Mmanga akaigusa skrubu kwa ncha ya bisibisi. Bi Rahila akakohoa. Mmanga akaondoa bisibisi.

"Haitaki," alisema, akafuta mikono yake.

Tangu siku hiyo maji yakaja Kivumoni kila asubuhi, na Bi Rahila akapumua kila lori lilipowaka. Umbali haukuwa na maana. Akicheka jikoni kwake, injini ilipanda huko iliko. Nyange alikuja nyumbani kwa adabu kumwomba asicheke kati ya saa moja na saa moja na nusu, kwa kuwa huo ndio wakati wa mteremko wa Gando. Siku moja askari wa barabarani alimsimamisha Nyange huko Jadida, akamuuliza kwa nini ananguruma mbele ya watu kama mtu anayetaka ugomvi.

"Si mie," alisema Nyange. "Bi Rahila ana wageni."

Askari akasikiliza kidogo. "Wageni wa heri," alisema, akampisha.

Mwalimu Suhail alipanga zamu ya petroli kama alivyokuwa akipanga zamu ya kufagia darasa, ili lori liwashwe mbele ya nyumba yake alasiri pia, baada ya kazi ya maji. Hapana aliyekosa zamu. Watu waliacha kuchoma taka upande wa upepo. Mikeka ya karafuu ilihamishwa mbali na dirisha la Bi Rahila, na njia ya mbele ya nyumba ikamwagiwa maji ili vumbi lisipae. Bi Ummkulthum, aliyekuwa hasemi naye kwa miaka sita kwa sababu ya mbuzi, alikuja na sahani ya mkate wa kumimina na kusema kwamba amesamehe kwa niaba ya wote wanaokunywa maji.

"Miaka thelathini nakohoa mtaa huu," Bi Rahila alimwambia, "hapana aliyeniuliza nimeamkaje. Leo nikipiga chafya mnaitisha kikao."

"Usicheke, shoga," alisema Bi Ummkulthum. "Nyange hajarudi."

Mwalimu alisomesha darasa la tano madirisha yakiwa wazi. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa alikuwa amejifunza kuisikia pumzi ya mkewe kupitia ukuta. Sasa aliisikia kupitia kijiji kizima. Chaki ilisimama ubaoni kila silensa ilipoyumba, na wanafunzi walisimamisha kalamu zao pamoja naye, mpaka ilipotulia. Kisha waliendelea na hesabu ya sehemu za kawaida.

Katika mwezi wa Rajabu Bi Rahila alishikwa na homa. Kwa siku tisa injini ilitetemeka na haikuweza kupanda kilima ikiwa na tangi lililojaa, wala likiwa nusu. Watu walirudi kisima cha pwani. Watoto wawili walishikwa na tumbo la kuendesha, na mmoja wao, Mwanawema, binti yake Nyange, alilazwa mjini siku nne akiwa na mpira wa maji mkononi. Nyange hakumlaumu mtu. Alikwenda kumwangalia mwanawe, akarudi, akapita kwa Bi Rahila kumjulia hali, naye Bi Rahila akamuuliza hali ya mtoto. Wote wawili walijibu kwamba hali si mbaya.

Mwanzoni mwa Shaabani alifika Azzam, ofisa wa mradi, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi. Alileta kisanduku kipya pamoja na pampu yake, vikiwa bado ndani ya plastiki, na fomu. Alifungua boneti akaliona kabureta, akaandika: kifaa kisichoidhinishwa.

Mwalimu Suhail alimweleza jambo zima kwa utaratibu, tangu barua ya kwanza. Azzam alisikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Aliuliza kama Rahila inaandikwa kwa herufi ya ha moja.

"Tatizo, Mwalimu, fomu hii ina nafasi ya lori tu," alisema. "Nitamwandika kwenye mengineyo."

"Na dawa yake ya kuvuta? Mradi hauwezi kuileta?"

"Hiyo ni idara nyengine."

"Basi lori libaki lilivyo."

"Likibaki na kifaa hiki, baada ya siku saba linahamishiwa kijiji chengine. Si mie niliyeandika hivyo, Mwalimu. Mie nimepewa nisome." Akamwonesha mahali palipoandikwa, na kweli palikuwa pameandikwa.

Mwalimu alikwenda kwa fundi. Alitaka kabureta lifungwe kwenye mashine ya kukobolea mpunga, au kwenye injini yoyote itakayoweza kukaa uani kwake. Mmanga alijaribu kwanza kufunga kabureta jengine kwenye mashine hiyo, pumzi ya Bi Rahila isibadilike, kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hili nililiweka kwa injini ile na kifua kile. Nikilihamisha linakuwa chuma tu. Utapata mchele, pumzi hutoipata."

Mwalimu alikwenda zahanati. Afra hakungoja kuulizwa. Alimwonesha nakala ya agizo la dawa, la tano kwa mwaka huo, na risiti iliyosema kwamba dawa imeshafika Kivumoni. Wote wawili waliitazama rafu. Kadi ilikuwepo.

"Kesho, inshallah," alisema Afra, kwa sababu ndilo jibu alilokuwa nalo.

Mkutano ulifanyika siku ya sita, saa kumi za alasiri, darasa la tano. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Darasa lilikuwa limetoka kufagiliwa na vumbi lilikuwa bado hewani, kwa hiyo Nyange alilisogeza lori chini ya dirisha akaliwasha na kuliacha, ili Bi Rahila apate kusema kama atataka kusema. Mwalimu aliandika majina ya waliohudhuria, tarehe, na ajenda, ambayo ilikuwa moja.

Kwa muda mrefu hapana aliyeigusa. Mzee Hija alizungumzia bomba ambalo wakubwa waliliahidi wakati yeye bado ana meno. Mwengine aliomba dirisha lifunguliwe zaidi, na lilikuwa limeshafunguliwa lote.

"Maji ni haki ya kila mtu," alisema Mzee Hija hatimaye, huku akitazama ubao.

"Na pumzi?" aliuliza Mwalimu Suhail.

Mzee Hija akabadilisha mkao wake kwenye dawati.

"Nyange, sema weye," alisema Bi Ummkulthum.

"Mie sisemi. Nikisema kisanduku, mtasema nasema kwa ajili ya mwanangu. Nikisema kabureta, mwanangu yule pale mlangoni ananitazama."

Mwanawema alikuwa kweli mlangoni, na kibandiko cheupe bado kiko juu ya mkono wake. Watu wakamwangalia, kisha wakaangalia chini. Mwalimu alikuwa ameishika kalamu juu ya karatasi. Alisikiliza silensa chini ya dirisha. Ilikuwa nzuri alasiri ile, laini na ya kina, pumzi ya mtu aliyelala usingizi wa mchana. Aliona kwamba angeweza kukaa hapo akiisikiliza mpaka siku ya saba ipite na ya nane iingie, na kwamba hilo nalo lingekuwa ni uamuzi, na uamuzi huo ungelichukua lori pia.

Bi Rahila akainuka. Alitengeneza ushungi wake.

"Mnanitazama kisogo tangu nimekaa," alisema. "Basi nitazameni uso. Mtoto kalala siku nne na mpira mkononi kwa sababu mie nilikuwa na homa. Mie n'na kifua kibovu, nacho ni changu. Sikukiomba kiwe pampu ya kijiji. Kifungeni kisanduku chenu."

"Na weye, Bi Rahila?" aliuliza Afra.

"Mie n'taingoja hiyo kesho yako. Mie na yeye tunajuana."

Baadhi ya watu walicheka kidogo, kwa shukrani. Sauti yake ilikuwa tulivu na uso wake ulikuwa mkavu, na mtu aliyemtazama yeye peke yake angeamini. Lakini nje, chini ya dirisha, injini ilijikwaa. Ilishuka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi gizani, ikajikwaa mara ya pili, ikakaribia kuzimika, kisha ikajikusanya na kuendelea, kwa mwendo wa juu juu, wa haraka.

Waliisikia wote. Fundi Mmanga aliisikia zaidi kuliko wengine, akainamisha kichwa upande, kwa mazoea. Hakuna aliyegeuka kutazama dirishani. Bi Rahila aliketi akaikunja mikono yake mapajani, na mume wake peke yake ndiye aliyeona jinsi alivyoibana.

Mwalimu Suhail alikuwa katibu kwa miaka kumi na miwili, na alijua kwamba uamuzi usiosomwa mbele ya watu si uamuzi. Aliandika mistari miwili kwa hati yake iliyosimama sawasawa. Kisha akasimama, akangoja mpaka silensa ilipotulia ya kutosha kumruhusu kusikika, akasoma:

"Kamati ya maji ya Kivumoni, baada ya majadiliano, imeamua kwa kauli moja kwamba kabureta litolewe kesho, baada ya safari ya kwanza ya maji."