Buluu ya Macho ya Hermance

Léonie, mwigizaji wa filamu, alikufa kwa homa ya mapafu Jumanne alfajiri. Kufika saa nne, dada yake mkubwa Hermance alikuwa karakanani huko Vincennes, karibu na Paris, akilipaka gauni la marehemu rangi, picha moja baada ya nyingine kwenye ukanda wa filamu ya nyeusi na nyeupe.

"Gauni manjano, utepe wa shingoni mwekundu," alisema Madamu Vasseur, msimamizi. "Na haraka. Sasa ndiyo watajaa kumtazama."

Hata kufa, Hermance aliwaza, amenitangulia ili atazamwe yeye.

Miaka sita nyuma walikwenda pamoja studio ya filamu kutafuta kazi ya kuigiza. Nyumbani mrembo alikuwa Hermance. Mama alikuwa akiita wageni waje wayaone macho yake ya buluu. Mpiga picha aliwajaribu wote wawili, akaangua kicheko. "Bibie, kwenye filamu buluu hutoka nyeupe. Utafanana na samaki wa kuchemsha! Abaki huyu wa macho ya kahawia, yake yatatoka meusi." Léonie akabaki. Hermance akapewa brashi ya kupaka filamu rangi.

Halafu Jumapili moja mezani, mwezi uliopita, Léonie alisema, "Dada, kwenye filamu mpya kuna mahali uso wangu unajaa picha nzima. Nipake macho ya buluu, kama yako."

"Umeshachukua kila kitu. Hayo niachie."

"Mchoyo wewe! Nayatamani tangu utotoni, hujui tu."

Hermance aliendelea kunywa supu yake.

Sasa uso ule ulikuwa mkononi mwake. Alimchungulia Madamu Vasseur, akachovya brashi kwenye buluu. Kwa miaka sita alikuwa amepaka nguo tu, hajawahi kupaka macho. Akapaka picha ya kwanza, ya pili, ya kumi, kisha akauinua ukanda dirishani.

Macho yalikuwa meusi vilevile. Rangi ilimezwa na weusi, haikuonekana kabisa. Macho ambayo yangeipokea ni yale meupe, yake yeye.

Akafurahi. Furaha ilimpanda kabla hajaionea aibu, kisha machozi yakamtoka.

"Usilie juu ya filamu," alisema Madamu Vasseur. "Utaiharibu."

Filamu inaonyeshwa mtaani kwao kila Alhamisi. Gauni ni la manjano, macho ni meusi, na utepe wa shingoni, ulioagizwa uwe mwekundu, ni wa buluu.