Mkia wa "Stop"

Binti alirudi nyumbani saa tano asubuhi, saa ambayo mtu mwenye kazi harudi nyumbani. Akabwaga barua mezani, akaenda kukaa jikoni juu ya ndoo iliyofunikwa.

Mama Nukta aliichukua barua akaisoma akiwa amesimama. Jina hilo alipewa na walimu wa shule alikokuwa katibu muhtasi, kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mezani kwake ikatoka bila kuongezwa nukta mahali. Siku hiyo shule ilikuwa imefungwa, na kalamu yake nyekundu ilikuwa imekaa bure tangu asubuhi.

Barua ilikuwa ya Kiingereza na ilisema mambo mawili. Binti amesimamishwa kazi ya kutunza jokofu la chanjo hospitalini. Na saa nane mchana aende akajieleze, la sivyo asirudi tena.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Mama! Jumatatu nilikuwa napeleka glavu wodini, nikapita pale kwenye jokofu, nikasimama nikaangalia joto, nikaandika daftarini. Saa nne kamili. Jokofu limekufa alasiri, mimi nimeshatoka zamu. Chanjo zote zimeharibika."

"Daftari linasema hivyo?"

"Linasema. Lakini meneja anasema nimejaza baadaye. Hata kulifungua hajalifungua. Ananiambia, maelezo yako mwenyewe, umetia saini, unakiri kwamba uliacha kuangalia."

Nakala ya maelezo ilikuwa imebanwa nyuma ya barua. Mama Nukta akaifunua. *At ten o'clock I stopped checking the fridge.*

Sentensi hiyo aliijua. Ilikuwa ya kwake.

Juzi binti alimletea rasimu aipitie. Ilisema *stopped to check*. Mama Nukta aliikata kwa wino mwekundu papo hapo. "Baada ya *stop* ni *-ing*. Stashahada yangu ya uhazili sikuiokota barabarani." Binti akanakili upya, akatia saini, akapeleka.

Sasa mama aliingia chumbani, akavuta sanduku kutoka uvunguni, akatoa daftari lake la chuo lililoliwa pembe na mende. Sheria ilikuwa palepale alipoiacha, mstari wa mwisho wa ukurasa, imepigiwa mistari miwili: baada ya *stop*, *-ing*.

Akafunua ukurasa wa pili.

"Endapo unaliacha jambo," maandishi yaliendelea. "Lakini ukisimama ili ufanye jambo, tumia *to*. *He stopped smoking*: ameacha sigara. *He stopped to smoke*: amesimama ili avute."

Mama Nukta akakaa kitandani. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiringia nusu ya sheria. Kiswahili hakimtegi mtu hivyo: kuacha ni kuacha, kusimama ni kusimama, na kuangalia kunabaki kuangalia. Hawa wenzetu wanatumia kitenzi kimoja kwa yote mawili, halafu maana wanaificha mkiani.

Angeweza kusema binti ndiye aliyekosea kunakili. Wazo hilo lilimpitia, akalifukuza kama nzi.

"Vaa viatu," alimwambia binti.

"Saa nane bado."

"Vaa. Aliyekufukuzisha kazi ni mimi."

Hospitalini, meneja alikuwa bwana mwembamba aliyepandisha miwani kwenye paji la uso. Alipowaona wawili akainua mkono.

"Mama, shikamoo. Lakini kikao hiki ni cha mfanyakazi, si cha mzazi."

"Marahaba. Mimi hapa si mzazi, ni mshtakiwa."

Akaeleza yote, na rasimu yenye wino mwekundu akaiweka mezani. Meneja akaitazama, akasita.

"Mama, hizi ni herufi tatu tu. Mzazi yeyote angekuja na maneno kama haya."

"Herufi tatu ndizo zilizomtoa mwanangu kazini. Haya, na barua hii ameiandika nani?"

"Mimi mwenyewe."

"*We regret informing you.* Ulitaka kusema mnasikitika kumwarifu. Hapo ni *to inform*. Ulivyoandika wewe, mnajuta kwamba mlimwarifu. Yaani barua inajijutia yenyewe. Kama kila mtu anabanwa na alichotia saini, bosi, basi nawe umejuta, mwanangu arudi kazini sasa hivi."

Binti aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Meneja alishusha miwani. Akavuta kamusi nene kutoka rafu, akafunua, akasoma kwa kidole.

"Lo!" akasema. "Na nimekuwa nikiandika barua za namna hii tangu nipewe ofisi."

Akatuma daftari la joto liletwe. Safari hii alilifungua. Saa nne, nyuzi tano, herufi za binti. Mstari wa chini yake, bila nafasi kati, saa sita, nyuzi tano, mwandiko wa nesi wa zamu iliyofuata.

"Nesi ameandika chini yako," meneja alisema polepole. "Ungejaza baadaye, ungejazia wapi?" Akaichana barua vipande viwili. "Nisamehe, dada. Kesho uingie zamu yako kama kawaida. Jokofu tutamuuliza fundi."

Mama Nukta akajiketia bila kukaribishwa.

"Ila niandikie maelezo mapya, niyaweke kwenye faili."

"Kwa Kiswahili inaruhusiwa?"

"Tena nakuomba."

Binti akaandika: *Saa nne asubuhi nilisimama kuangalia jokofu*. Alipoinua kalamu, aliona mkono wa mama yake umeshaingia kwenye mkoba.

"Mama! Usiguse!"

"Sigusi," alisema Mama Nukta, kalamu nyekundu ikiwa tayari kidoleni. "Umesahau nukta tu, mwanangu."