Hoja Iliyopata Kura Moja

Sixten Åkerblom alikuwa mtu wa kuthibitisha. Umwambie mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Kazini, katika ofisi ya mkoa mjini Uppsala, aliandika programu za kupanga zamu za wauguzi. Nyumbani alisaka namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na zenyewe, kubwa kubwa zisizomfaa mtu yeyote, kwa raha zake tu kama wenzake wanavyofuga samaki. Mke alishaondoka zamani, tena bila ugomvi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hata ugomvi hakupewa!

Alibaki na vitu viwili. Kwanza Duru ya Amani, watu kumi na mmoja wa mrengo wa kushoto waliokutana kila Jumatano katika chumba cha chini ya maktaba, wakanywa kahawa, wakala maandazi ya mdalasini na kulaani ubeberu wa kila rangi. Pili, simu ya Gunvor.

Gunvor ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Duru. Alikuwa anakaribia miaka themanini. Alianza kugawa vipeperushi kwenye theluji enzi za vita vya Vietnam, na tangu hapo hajakaa chini. Ndiye aliyemwokota Sixten Mei Mosi moja, alipomkuta kasimama peke yake pembeni ya maandamano, kashika bango kichwa chini. Tangu siku hiyo alimpigia simu kila Jumapili saa moja jioni, na salamu hakuwa nazo.

"Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate nao ni chakula? Kichwa kimejaa namba, tumbo tupu! Chemsha viazi, mwanangu."

Kisha wanabishana kuhusu dunia nzima, kuanzia madeni ya nchi maskini hadi nani anamiliki migodi ya nani. Sixten akiteleza, Gunvor hamwonei haya: "Huo ni upuuzi mtupu, na wewe unajua." Sixten alikuwa akikata simu huku anacheka peke yake jikoni. Wiki nzima, hakuna mwingine aliyejali kumwambia kwamba kasema upuuzi.

Sasa, ile programu. Zamani Duru iliamua mambo kwa kuzunguka meza. Kila mtu anasema lake, mwenyekiti anauliza, watu wanaitikia "ndiyo", nyundo inagongwa. Mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda, na Sixten, mwenye sauti ya kuombea chumvi, akaona hiyo si haki. Akaandika programu ya kura. Kila mjumbe anazipanga hoja kwenye simu yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hoja yenye watu wachache kuliko zote inaondolewa, na kura zake zinahamia kwenye chaguo la pili la wale walioipenda. Mwishowe kura zote zinamulikwa ukutani, bila majina, zimechanganywa, ili kila mtu ajihesabie.

"Msiniamini mimi," aliwaambia, masikio yamemwiva kwa fahari. "Hesabuni wenyewe."

Waliipenda. Waliitumia kuchagua supu ya Mei Mosi na rangi ya mabango, na hakuna aliyenuna. Halafu vita vya Ukraine vikaingia mwaka wa pili, na Duru ikawa lazima itoe tamko, maana hawa ndugu zetu bila tamko hawalali.

Hoja ya Gunvor ilikuwa ile ile ya miaka yote: silaha zisipelekwe kwa yeyote, popote. Tage, dereva wa treni mstaafu, akaleta yake: aliyevamiwa ana haki ya kupewa silaha ajitetee.

"Tulipowaunga mkono Wavietnam," alisema Tage, "tuliwaambia wapigane kwa maua?"

"Na anayeziuza hizo silaha ni nani, Tage? Shangazi yako?"

"Shangazi yangu aliuza samaki, mwenyekiti. Tusimwingize."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Ndipo Sixten akanyoosha mkono. Hoja yake ilikuwa kwamba safari hii wasitoe tamko lolote. Wakusanye majenereta, wayapeleke kwenye hospitali na shule za kule, basi. Alikuwa ameshapiga hesabu ya njia fupi kuliko zote za malori.

Gunvor akasema, "Inafikirisha." Na mwingine, "Ndiyo, inafikirisha." Likazunguka meza nzima.

Jamani, mtu yeyote aliyekaa mji ule baridi mbili anajua maana yake. Mtu wa pale hakwambii hoja yako mbovu mbele za watu, anakwambia inafikirisha, na hapo mlango umeshafungwa. Sixten alizaliwa kule, kakulia kule, na bado hakujua. Alihesabu waliosema inafikirisha, akapata saba. Saba kati ya kumi na mmoja! Mtu wa kuthibitisha kila kitu, hili akalimeza bila kulitafuna.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Duru haikulijua. Katika mji wa Kharkiv, huko huko Ukraine, alikuwako Oleh, mwandishi wa programu aliyesaka namba tasa pamoja na Sixten kwa miaka mingi kupitia mtandao. Hawakuwahi kuonana. Vita vilipoanza, barua za Oleh zilifupika hadi zikawa mstari mmoja: "Tuko chini bado." Chini maana yake stoo ya chini ya jengo, yeye na mama yake. Tangu vuli hata huo mstari haukuja. Kila asubuhi Sixten alifungua kompyuta kabla ya kuvaa soksi, akaangalia, akaifunga. Alitamani kumweleza mtu. Lakini mezani pale vita vilikuwa kitu cha kuandikia aya tatu, na yeye aliogopa kumsikia Oleh akijadiliwa.

Jumapili kabla ya kura Gunvor aliuliza, "Jumatano uko nami?"

"Niko nawe, Gunvor."

Hakuona kwamba anadanganya. Kwa hesabu zake hoja yake ingeshinda mapema, na machaguo ya nyuma yasingemhusu mtu. Kwa hiyo Jumatano alipanga jinsi moyo ulivyomtuma: yake kwanza, ya Tage pili kwa ajili ya Oleh, na ya Gunvor mwisho.

Kura zilipofungwa, matokeo yalitokea kwanza kwenye kompyuta yake, ukuta bado mweupe. Gunvor tano, Tage tano, Sixten moja.

Moja. Alisoma tena, kana kwamba kompyuta ingejirekebisha. Hata mmoja kati ya wale saba hakumpa kura! Aibu ilimpanda hadi kwenye nywele. Na kabla haijashuka, akaona lililo baya zaidi. Kura ile moja haikuwa na jina, lakini ingehitaji jina la nini? Kila mtu angejua ni ya nani. Hoja yake ingeondolewa, kura yake ingehamia kwa Tage, Tage angeshinda kwa sita, na mbele ya macho ya watu wote ingesomeka: Sixten kwanza, Tage pili, Gunvor mwisho. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa ameandika programu ya kumvua nguo.

Vidole vilikuwa juu ya vibonye. Kugeuza nafasi mbili tu katika kura ile, na Gunvor anashinda. Ilikuwa kura yake mwenyewe, kwani angemwibia nani? Hakuna ambaye angejua. Jumapili simu ingelia, angeulizwa kama amekula.

"Vipi, Sixten?" Tage aliuliza. "Imekwama?"

"Tuonyeshe, mwanangu," alisema Gunvor. Alikuwa ameshavaa miwani.

Sixten alimfikiria Oleh na mama yake kule chini, gizani. Aliwaza pia kwamba aliwaambia watu hawa wahesabu wenyewe. Akabonyeza, ukuta ukawaka.

Walihesabu. Midomo ya Gunvor ilikuwa ikisogea. Ilifika kwenye ile kura, ikasimama, kisha ikaendelea hadi mwisho wa orodha, taratibu, kwa sababu yule mama hakuwahi kuacha kazi katikati. Akavua miwani.

"Hoja ya ndugu Tage imepita," alisema, akagonga nyundo. "Ahsanteni kwa mjadala mzuri."

Tage hakushangilia. Alipopita nyuma ya kiti cha Sixten alimshika bega, akasema, "Pole, bwana," na Sixten alitamani asingeguswa. Kwa kawaida baada ya kikao Gunvor aliosha vikombe na Sixten akafuta. Safari hii alipofika kwenye sinki, kitambaa kilikuwa tayari mikononi mwa mtu mwingine. Alisimama pale kidogo, kisha akaenda kukunja nyaya.

Jumapili alichemsha viazi mapema, ili akiulizwa awe na jibu. Saa moja ilifika na simu haikulia. Aliitazama simu, akatazama ukuta, akaangalia kama simu ina chaji. Viazi vikapoa. Ndipo akatambua kwamba miaka yote hiyo yeye hajawahi hata mara moja kumpigia Gunvor. Namba tasa alizijua kwa moyo kama watoto wake, ila namba ya Gunvor ilibidi aitafute.

Ililia kwa muda mrefu.

"Gunvor hapa."

"Ni mimi, Sixten." Na kabla hajaishiwa ujasiri, akamwaga yote. Akamweleza Oleh, namba tasa, stoo, ule mstari mmoja na vuli hii isiyo na barua. Akamwambia alisema yuko naye kwa sababu alikuwa naye, yuko naye hata sasa, ila kura alimpa Oleh kwa kuwa Oleh hana pengine pa kupigia kura. Hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja maishani mwake. Alimngojea amwambie huo ni upuuzi mtupu. Alitamani amtukane.

Upande wa pili kulikuwa na saa ya ukutani, aliisikia inavyokwenda.

"Inafikirisha, Sixten," alisema Gunvor kwa upole. "Ahsante sana kwa kupiga simu. Uwe na jioni njema."

Na safari hii Sixten alielewa.