Ndani ya Ofisi Tu

Kitinda hakuwa mtu wa kulipua kazi. Alikuwa mmoja wa mafundi wa mtandao katika kampuni ile ya magari ya wagonjwa, na alipoambiwa afunge, alifunga kwelikweli.

Agizo lilitoka kwa Bosi, Ijumaa asubuhi, akiwa amefura. Mtu wa nje alikuwa amechungulia anwani za wagonjwa. Alipitia kwenye API, vile vijilango ambavyo programu moja huvigonga kuiomba nyingine habari. "Nataka vyote vifunguke kwenye mtandao wa ofisi tu," Bosi akafoka. "Leo leo. Sitaki hadithi."

Kitinda akafunga. Akajaribu kwenye kompyuta yake, shwari. Na kwa kuwa si mvivu, akashuka mpaka uani, akaazima simu ya dereva aliyekuwa akisubiri zamu, maana safari nazo hupitia vijilango hivyo hivyo kufika kwenye simu za madereva, akaijaribu kwa kuipelekea safari ya uongo. Simu ikaita. Akapanda ngazi roho kwatu. Masikini! Simu za madereva zikiwa uani hujiunga zenyewe na mtandao wa ofisi. Zikitoka getini tu, zinarudi kwenye laini zao za kawaida, na huko sasa milango ilikuwa imebanwa. Fundi mzima, hilo halikumpitia kichwani.

Alasiri hiyo kaka yake alikuwa ameegesha gari la wagonjwa kando ya uwanja wa mpira, anasubiri kuitwa. Ni kaka yake wa tumbo moja, ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, na udereva huo ndio unaolisha nyumba nzima, mke, watoto na mama mkwe. Mtaa wa pili tu kutoka hapo, mwalimu alianguka darasani. Ofisini wakatuma safari kwa gari la kaka. Wakatuma tena. Kwake kimya. Mpaka mtu wa zamu alipozinduka na kumpigia simu ya kawaida, mwalimu alikuwa ameshakata roho mbele ya wanafunzi wake.

Jumamosi Kitinda akang'amua kosa lake. Akampigia Bosi, akamweleza yote bila kuficha. Bosi alimsikiliza kwa upole ambao ungemshtua mtu mwenye akili zilizotulia. "Madereva watapigiwa simu za kawaida kwanza," akasema. "Wewe usiguse kitu. Tutaliona kwenye kikao."

Kikao kikawa Jumatatu. Dereva alilala kazini, ndivyo lilivyosomwa shtaka, na adhabu yake ni kufukuzwa. Kaka alikaa mwisho wa meza, shati limenyooshwa, mikono mapajani. Kitinda hakungoja aitwe.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilifunga milango, simu yake haikupata kitu. Huyu hakulala."

Bosi akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni kaka yako, tunaelewa. Hata mimi ningemtetea wangu."

"Simtetei! Leteni hiyo simu yake."

Akaipokea, na mbele ya macho yao akaitoa kwenye mtandao wa ofisi, ikabaki na laini yake tu. "Haya, tumeni safari. Hamtasikia hata mlio."

Ikaita. Iliita mkononi mwake kwa ile kelele ya kuamsha mtaa.

Kitinda akamtazama Miwani, fundi mwenzake, mtu pekee mwingine aliyeweza kuifungua milango ile. Miwani alikuwa ameinamia chupa yake ya maji, anasoma lebo iliyobandikwa juu yake utadhani ana mtihani nayo.

"Umefungua," Kitinda akasema. "Umefungua asubuhi hii! Sema, nani amekutuma?"

"Mimi sijui unachosema, dada."

Akairukia kompyuta ya mezani aonyeshe rekodi ya mabadiliko. Nywila yake ikakataliwa. Akaandika tena, ikakataliwa tena.

"Tumebadilisha zote, kwa ajili ya usalama," Bosi akasema. "Kaa chini, mama. Usijiaibishe."

Washenzi wakubwa! Kitinda alitaka kupindua meza ile. Akamgeukia kaka yake amwambie watakwenda mbele, watatafuta wakili, hawataachia. Lakini kaka alikuwa ameichukua simu yake, anaitazama. Tangu Ijumaa alikuwa akiapa kwamba hakufumba jicho.

"Kitinda, acha," akasema polepole. "Mbona inaita?"

"Kaka, wameifungua leo! Nisikilize mimi!"

"Joto lilikuwa kali siku ile. Labda kweli nilisinzia."

"Hukusinzia!"

"Mwalimu wa watu," kaka akasema, sauti imekatika. "Nimemuua mwalimu wa watu."

Akainuka, akaizunguka meza, akawaomba radhi wote, mmoja mmoja, akianza na Bosi. Bosi akampokea kwa mikono miwili.