Siku ya Tisa Baada ya Kushonwa

Mirija ya mbegu ya kaka yangu Delfin iliziba kwa ugonjwa aliouficha ujanani. Miaka kumi na moja yeye na mkewe Rosenda hawana mtoto. Mwishowe daktari wa mjini Iloilo akakaa saa nne na darubini, akaiunga kwa nyuzi nyembamba kuliko nywele. Akasema, wiki sita usinyanyue kitu, na pale pasiguswe. Ikiharibika sirudii, mirija imebaki mifupi.

Siku ya tisa pakavimba kidogo. Mama yetu, Nanay, akamwona anavyokunja uso, basi. Kwetu ukiteguka, ukizaa, ukipata homa, anaitwa mkandaji. Rosenda yuko sokoni anauza samaki, Nanay huyo kamleta mkandaji wetu, bibi Aling Pasing, na chupa ya mafuta ya nazi.

"Nanay, daktari kakataza."

"Daktari anajua mashine. Huyu anajua mwili. Lala."

"Mnaniaibisha bwana!"

"Aibu gani?" Aling Pasing akacheka. "Si mimi niliyemzalisha mama yako? Hako kadude nilikaona kabla yako."

Hata mimi nilicheka. Delfin hakucheka, alikuwa kachoka. Kachoka kuulizwa mtoto yuko wapi kila sikukuu, kachoka kuwavulia suruali watu wenye glavu. Akalala. Akakandwa huku kauma mto.

Rosenda aliporudi, harufu ya mafuta ilimpokea mlangoni. Nikadhani atapiga kelele. Akakaa tu chini, beseni mapajani.

"Ungesema hapana, Delfin. Neno moja tu."

"Nimwambie hivyo Nanay?"

"Haya."

Mwezi wa tatu baada ya kushonwa tukaenda kuchukua majibu ya kipimo, wote wanne. Daktari akasoma karatasi, akairudia. Hamna hata mbegu moja.

"Kuna kitu kilitokea?"

Nanay alikuwa anahesabu rozari. Vidole vikasimama.

"Niliendesha pikipiki mapema mno, daktari," Delfin akasema. "Kosa langu."

Daktari akaandika. Rosenda akamtazama mumewe, akamtazama weee, halafu akachukua mkoba wake akatoka nje.

"Pikipiki!" Nanay akapata sauti. "Sikukwambia mimi? Kichwa ngumu kama baba yako! Ungetulia nyumbani tu, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine!"

"Ndiyo, Nanay."

Akamgombeza mpaka kwenye ngazi, mpaka barabarani. Delfin akawa anaitikia tu.