Kobe wa Sinema na Kobe wa Bibi Albina

Wewe uliyekaa hapo, hebu nikutegee. Ninaye mgeni asiyekula wala kulala. Ukimfungua anasema, ukimfunga ananyamaza, na kila nyumba anayoingia anatoa habari nyingine. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Muze? Joto la Muze silitaki, ongeza. Namanyere? Hapo sawa. Nimekwenda Namanyere yako, nimekula kuku wake, nimekunywa togwa lake, nimerudi. Mgeni wangu ni kitabu.

Bibi Albina alikuwa nacho kimoja tu. Kilifika kijijini ndani ya robota la mitumba lililoletwa parokiani, kimejificha kwenye mfuko wa koti la mtoto. Juu ya jalada palikuwa na kobe mkubwa kuliko kanisa, mgongoni amebeba mji mzima, wenye nyumba na ngazi na moshi unaofuka. Ndani kulikuwa na picha za mtoto wa kike aliyevaa koti la mvua la njano. Na katika dirisha la juu kabisa la mji ule alisimama mwanamke ameshika taa. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho.

Mjukuu wake Kristiana alikulia kwenye jiko la bibi huyo. Mama yake, Victoria, aliteremka Kabwe kununua samaki, migebuka ya kuja kuuza Sumbawanga, akamwacha mtoto hajajua hata kufunga viatu. Homa ikamkamata hukohuko ziwani, wakamzika hukohuko. Tangu hapo Kristiana akawa mtoto wa Bibi.

Sasa, pale kwa Bibi Albina palikuwa na sheria moja. Kiangazi kikifika, mahindi yameshaletwa nyumbani na upepo wa baridi unapuliza mpaka masikio yanauma, wajukuu walikaa jikoni kuzunguka debe. Asiyepukuchua, hasimuliwi. Hadithi ilianza debe likiwa tupu, ikakatika debe likijaa, hata kama mtu alikuwa katikati ya mto na mamba wanamtazama. Bibi alikiweka kile kitabu mapajani, akalowesha kidole gumba mate, akafunua, na maneno yakatiririka.

Alisema kobe yule alitoka bondeni, pande za Mtowisa, mwaka ambao maji ya Rukwa yalikimbia. Watu walikataa kuacha vyungu vyao, kwa hiyo akawabeba na vyungu na mbuzi na jivu la mekoni, akaupanda mlima taratibu kuja huku juu Ufipa. Mtoto wa koti la njano alikuwa anazunguka mitaa yote ya mji ule kumtafuta mama yake.

"Na huyu wa dirishani, Bibi?" Kristiana aliuliza kila kiangazi, ingawa jibu alilijua.

"Huyo ndiye mama mwenyewe. Amechelewa tu. Kashika taa ili mtoto asipotee njia."

Kristiana aliamini kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Hata alipokua akaambiwa waziwazi habari za kaburi la Kabwe, akalia, akanyamaza, bado alikuwa na kitu chake cha kushikilia: huko mbali, mtu msomi asiyemjua alikaa chini akaandika juu ya mtoto kama yeye. Alikwenda nacho bweni, akaenda nacho chuo cha ualimu. Kitabu chenyewe kilibaki sandukuni kwa Bibi kimeviringishwa kitenge, naye hakuwahi kukifungua tena. Angekifungua kwa nini, na alikijua kwa moyo?

Mwaka huu, likizo ya Julai, alimkuta Clemens nje ya kanisa. Clemens ni kijana wa parokia mwenye projekta. Jumapili baada ya misa ya pili huwaonyesha sinema watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu, na wazazi nao hujipenyeza. Alikuwa anapitisha picha kwenye simu achague ya wiki ile, na Kristiana akamwona kobe.

"Clemens! Hicho ni kitabu cha Bibi!"

"Acha uongo, mshikaji. Hii ni muvi kubwa."

"Kumbe wameifanya sinema! Weka hiyo hiyo. Nitamleta Bibi, akae mbele."

Akamleta kweli. Bibi hakutaka, alisema mgongo, akasema upepo, akasema kuku. Kristiana akamvalisha sweta jipya na kitenge cha Pasaka, akamshika mkono mpaka ukumbini, akamkalisha benchi la kwanza kama mama wa bwana harusi.

Taa zikazimwa. Kobe akatokea ukutani, mgongo kama mlima, watoto wakapiga kelele za furaha. Sinema ilikuwa ya Kiingereza, lakini juu yake alizungumza mtafsiri, mmoja wa wale wanaoweka maneno ya Kiswahili na vichekesho vyao. Mtoto wa koti la njano akaja, Kristiana akamfinya Bibi mkono: "Huyoo!"

Halafu dirisha la juu likawaka, na yule mwanamke akasimama na taa yake.

"Oyaa, wazazi, shikeni watoto wenu!" mtafsiri akapayuka. "Mwizi wa majina huyo kaja!"

Alikuwa malkia mwovu. Aliiba majina ya watoto, akayafungia ndani ya taa, na mtoto aliyeibiwa jina alisahau kwao. Ukumbi mzima ukamzomea. Watoto wakasimama juu ya mabenchi: "Mwizi! Mwizi!" Kristiana akaona kama wanamrushia mawe mtu wake. Akamgeukia Bibi. Bibi alikuwa anatazama ukuta, mikono imetulia juu ya kitenge. Hapo ndipo msichana alipoelewa. Ile hadithi ya Bibi haikuwamo kitabuni. Haikuwahi kuwamo.

Mwishoni malkia akaanguka baharini, majina yakatoka kwenye taa kama vipepeo, kila mtoto akadaka lake. Makofi. Clemens akawasha taa za ukumbi, akachukua kipaza sauti.

"Haya, maoni! Mmeionaje?"

"Mimi nimependa kobe alivyopiga chafya nyumba zikaanguka," akasema Jenifa, mjukuu mdogo wa Bibi Albina, wa darasa la pili.

Mzee Gaudensi, katekista mstaafu, akasimama na fimbo yake. "Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nauliza, yule kobe anakula nini? Kabeba watu sinema nzima na sijaona hata mmoja aliyemkatia majani. Wale watu hawana shukrani."

Ukumbi ukacheka. Mama Cornelia, jirani, akadakia bila kungoja kipaza sauti: "Inatisha mno! Huyu wangu amenikojolea kanga. Na huyo mtafsiri wenu muongo, midomo ya Wazungu imeshafunga, yeye bado anaendelea!"

"Ndiyo raha yake, mama!" vijana wa nyuma wakajibu.

Kipaza sauti kikamfikia Kristiana. Angeweza kukipitisha. Baadaye, kila alipokumbuka, aliona mkono wake ukikipitisha kwa jirani, kirahisi tu, kama kupitisha chumvi. Lakini alikuwa na uchungu, na watu walikuwa na hamu ya kucheka.

"Mimi leo nimegundua jambo," akasema. "Bibi yangu huyu ametusomea kitabu hiki miaka yote, kumbe hajui hata neno moja lililomo! Mwizi wa watoto, yeye akatuambia ndiye mama!"

Kicheko kikaanza. Angeishia hapo, pengine ingekuwa utani wa bibi na mjukuu. Akaongeza:

"Na sisi tukampukuchulia mahindi yake bure!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mzee Gaudensi alipiga fimbo sakafuni kwa kucheka. Clemens, naye anafuta machozi, akampelekea Bibi kipaza sauti ajitetee. Bibi Albina akakishika mbali na mdomo, kama hindi la moto.

"Ni kweli," akasema. "Kiingereza sikukijua, wala sikuwahi kusema nakijua. Sasa wewe, Kristiana, umezipata zote mbili. Ipi ilikufaa?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza chai ina sukari au haina. Kristiana akafungua mdomo akicheka, na kicheko kikaisha mdomo ungali wazi. Clemens akaona aibu kwa niaba ya wote, akachukua kipaza sauti. "Haya, mwingine, mwingine!"

Njiani kurudi, Bibi alitangulia. Watoto wa jirani wakapita mbio wakimsalimu: "Shikamoo, Mtafsiri!"

"Marahaba," akajibu, bila kupunguza mwendo.

Jina likamshika palepale. Kisimani Mtafsiri, mashineni Mtafsiri. Hata Mama Cornelia, ambaye hakuwa na ubaya, aliita toka upande wa pili wa uzio, "Mtafsiri, niazime ungo!" Bibi aliutoa ungo.

Kilichomuumiza Kristiana hakikuwa hicho peke yake. Jumatatu jioni Jenifa alikuja na wenzake jikoni, wakakaa kuzunguka debe wakisubiri. Bibi akapukuchua. Punje zikalia ndani ya debe, taa-taa-taa, na hakukuwa na sauti nyingine.

"Bibi, tumekuja," Jenifa akasema.

"Nimewaona, mke mwenzangu."

"Sasa kobe?"

"Mwendeeni dada yenu. Yeye anajua kusoma."

"Au basi hata kitendawili kimoja. Kidogo."

"Vimekauka, mama. Pukuchueni tu, au kachezeni."

Wakapukuchua kidogo, mmoja akaondoka, na mwingine, mpaka jiko likabaki na bibi kizee na rundo la magunzi. Watoto wale wasingeendelea kuja hivyo siku nyingi, Kristiana alijua. Jiko lililozoea kunyamaza halirudi upesi. Na yeye chuo kilikuwa kinafungua.

Akaenda kupiga magoti. "Bibi, nisamehe. Nilikuwa natania."

"Sijakasirika, mjukuu wangu. Utani ni wetu sisi." Bibi akachukua hindi jingine. "Nilikuuliza swali tu."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Msamaha alikuwa nao tayari mdomoni, lakini jibu hakuwa nalo. Ukweli ni kwamba alikuwa bado na kinyongo. Alinyang'anywa kitu chake ukumbini siku ile. Yule mtu msomi wa mbali, aliyemjua yeye Kristiana bila kumwona, hakuwapo. Kusema "yako ndiyo iliyonifaa" ili tu Bibi aanze kusimulia, kungekuwa uongo, na Bibi angeunusa.

Akakitoa kitabu sandukuni. Asubuhi, jua likiwa limepasha ukuta, akakaa barazani na Jenifa, akamsomea neno kwa neno, Kiswahili safi cha chuoni. Alisoma vizuri. Jenifa alisikiliza ukurasa wa kwanza, wa pili, akaanza kuchora chini kwa kijiti.

"Dada, na mama yake yuko wapi?"

"Mama wa nani?"

"Wa huyu wa koti."

Kristiana akafunua mbele, akarudi nyuma. "Hayumo. Hawakumtaja."

"Kitabu chote?"

"Kitabu chote."

Jenifa akashangaa kweli. "Sasa huyo aliyekiandika alifikiri mtoto katoka wapi?" Kisha akaweka kidole juu ya dirisha la juu. "Bibi ndiye aliyemtafutia."

Kristiana akabaki ameitazama picha. Mwanamke alisimama pale pale na taa yake, uso umechorwa kwa mistari michache, mtu angeweza kuuona mwovu au mpole, apendavyo. Pembeni ya ukurasa kulikuwa na alama ya gumba, nyeusi ya masizi, mahali ambapo Bibi alishika miaka yote. Ukurasa huu ulichakaa kuliko mingine.

Akawaza jambo ambalo, aibu iliyoje, hakuwahi kuliwaza akiwa na akili zake zote na cheti chake. Victoria alikuwa mama yake, ndiyo. Lakini alikuwa mtoto wa nani? Ni nani aliyemfunga yule binti kanga begani asubuhi akimwambia awahi kurudi, akapata habari kwamba ameshazikwa? Kila kiangazi, jikoni, mikono ikiwa kwenye mahindi, Bibi Albina alimpandisha binti yake mwenyewe kwenye dirisha lile, akamshikisha taa. Na Kristiana akasimama mbele ya watu wote, akamwita yule wa dirishani mwizi.

Akamwachia Jenifa kitabu. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mkeka, debe liko mbele yake. Hakuinua macho. Kristiana akakaa, akachukua hindi, akalivunja mstari wa kwanza kwa gumba kama alivyofundishwa, akapukuchua mpaka gunzi likawa tupu. Akachukua la pili. Mikono yake ya chuoni ilikuwa laini, ilianza kuwaka. Ng'ambo ya uzio Mama Cornelia alikuwa anafagia.

"Uliniuliza ipi ilinifaa," Kristiana akasema.

Mikono ya Bibi ikasimama.

"Yako, Bibi. Nilidhani kuna mtu mbali huko aliyeniandikia, na nilipoona hayupo nikakasirika, nikakuaibisha wewe mbele za watu. Kumbe aliyeniandikia nilikuwa nakaa naye jikoni. Kwenye ile ya sinema sina mama. Kwenye yako mama hakufa wala hakuniacha. Alikuwa amechelewa tu."